Mdahalo Uliobaki Bila Kukatwa

Kwa miaka mingi, na sisemi miaka ya kuhesabia vidole bali miaka ya kuotesha ndevu, niliamini kabisa kwamba vita vya Bunia vilianzishwa na darasa letu la sita. Si serikali, si majenerali, si dhahabu ya Mongbwalu ambayo watu wazima waliitaja kwa sauti ya chini. Sisi, watoto wenye kaptula zilizotoboka makalioni, kwa mdahalo mmoja ambao haukupata mwisho wake. Habari hiyo niliisikia chini ya turubai, katika kambi ya karibu na uwanja wa ndege, kutoka kwa mvulana wa umri wangu ambaye naye aliisikia kwa mwingine, na ilikuwa imepangika vizuri hata sikuona pa kuitilia shaka. Mdahalo ulihusu jembe na ng'ombe. Mwalimu hakuukata. Basi jembe na ng'ombe wakatoka darasani, wakashuka mpaka kwenye daraja la Nyamukau, wakamalizana huko wenyewe. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kwamba mvua inatoka juu. Nilipokua nilijifunza kuisimulia habari hii kama kichekesho, na watu walicheka, nami nilicheka kuliko wote, lakini sikuacha kuiamini.

Kila ninapokumbuka msimu ule, pua ndiyo inayotangulia. Darasa letu lilinuka maziwa yaliyoanza kuchacha, moshi wa kuni uliolala ndani ya mashati, na majani ya mikaratusi tuliyoyasaga kwa miguu mlangoni. Maziwa yalikuwa yangu. Mama alinunua maziwa alfajiri kwa wafugaji wa upande wa Mudzipela akayauza mitaani, na mimi nilibeba bidoni moja, dumu la plastiki, mpaka shuleni ili aje kuichukua adhuhuri akipita. Ndiyo maana nzi wote wa Ituri walinijua kwa jina, kila nzi na wajomba zake, na ndiyo maana wenzangu waliniita Bidoni. Mji wenyewe ulikuwa umebanwa kama punje ndani ya kinu. Barabara ya vumbi jekundu ilikuwa na vizuizi vilivyohamahama, leo hapa, kesho mbele ya duka la mkate, na vijana waliosimama hapo walikuwa na bunduki ndefu kuliko wao. Redio ilisema ni vita vya Wahema na Walendu, wenye ng'ombe na wenye mashamba, ndivyo mtu wa mbali alivyoelezwa, ingawa mimi niliwajua Wahema waliolima mpaka migongo ikapinda, na Mlendu mmoja aliyempenda ng'ombe wake kuliko mkewe. Sisi wa nyumbani kwetu tulikuwa Wabira, yaani watu ambao kila upande uliwashuku kwa niaba ya upande mwingine.

Shule yetu pale Mbunya ilikuwa mojawapo ya sehemu za mwisho mjini ambako watoto wa pande zote waliketi kwenye benchi moja na kuibiana penseli. Kila Jumatatu mwalimu wetu alisimama mlangoni akitazama barabara kama mtu anayengoja gari, na alichongoja kilikuwa sisi: nani amerudi, nani hakurudi. Alijua, na hata sisi tulijua kwa namna watoto wanavyojua mambo bila kuambiwa, kwamba siku watoto wa upande mmoja watakapojiona wameonewa mle ndani, watalipeleka neno hilo nyumbani, na Jumatatu inayofuata nusu ya benchi zitakuwa tupu. Hakuna ambaye angekuja kuzijaza.

Mwalimu Anselme alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kuondoa kutu kwenye mabati. Chaki ilikuwa imekwisha. Mshahara ulikuwa umekwisha tangu tungali matumboni. Vitabu vilikuwa vimekwenda kuwashia moto. Kilichobaki cha kufundishia kilikuwa mdomo, kwa hiyo alitufundisha mdahalo, ambao sisi tuliuita deba. Na kwetu mwamuzi haamui tu, anakata. Wazee wakikaa juu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, wanakata maneno. Baba mdogo akimaliza kesi ya mahari, amekata. Deba nayo haikuwa deba mpaka mwalimu aikate, hata kama watu wamezungumza mpaka mate yakawakauka.

Namna alivyokata ndiyo iliyotufanya tumwogope na kumpenda kwa pamoja. Hakuna aliyeruhusiwa kumjibu mwenzake kabla ya kumrudishia neno lake. Ukisimama kujibu, unasema kwanza, "Mwenzangu amesema hivi na hivi," halafu unageuka kumtazama. Akitikisa kichwa kwamba sivyo, unaanza upya. Ni pale tu anapokubali, "Njo, nimesema vile," ndipo unapata ruhusa ya kumpinga. Nilimwona mvulana mmoja akirudishwa tena na tena mpaka akasahau alikuwa anapinga nini, akaketi, akasema anakubaliana na wote. Alama kubwa hazikwenda kwa mwenye sauti, wala kwa mwenye Kifaransa kilichopigwa pasi. Zilikwenda kwa yule aliyerudisha neno la mpinzani likiwa zima, bila kulivunja mguu njiani. Direkta, mkuu wa shule, alimshauri mara moja achore mstari ubaoni kwa kipande cha makaa, majina ya upande huu na majina ya upande ule, ili alama zionekane. Mwalimu alimjibu polepole, lakini mlango ulikuwa wazi. "Direkta, majina ya batoto mu safu mbili? Mu mji huu? Sasa?" Direkta alilitazama lile kaa mkononi mwake kama vile limemuunguza, akaondoka nalo.

Zaidi ya hayo, hakukata papo hapo. Wasemaji wakimaliza, alitoka peke yake akazunguka nyuma ya vyoo muda wote wa mapumziko, mikono mgongoni, katika harufu ambayo ingemwangusha tembo. Tulimwuliza kwa nini. "Naacha sauti zitoke mu masikio," alisema. "Yabaki maneno tu. Nikikata sasa hivi, nitakata sura zenu." Tuliona ni jambo la ajabu, na baadhi yetu walisema ana ugonjwa wa tumbo.

Mwenzangu wa benchi aliitwa Zawadi. Alikuja katikati ya mwaka kutoka upande wa Djugu, pamoja na baba yake, shangazi yake na mdogo wake wa mgongoni, wakakaa kwenye chumba cha nyuma cha mtu wa kanisa lao. Alikuwa na miguu iliyopasuka na ulimi uliopona kila kitu. Siku ya kwanza alinusa, akanitazama mimi, akaitazama bidoni yangu. "Weye Bidoni, sogea na ndugu zako." Alikuwa anamaanisha nzi. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, maana nilikuwa sijawahi kutukanwa kwa heshima namna ile. Alipenda deba kuliko chakula, na enzi zile hilo si neno la kutia chumvi. Alitaka kushinda moja tu, aliniambia, moja iliyokatwa mbele ya watu wote, ili baba yake aache kusema kwamba shule ya wakati wa vita ni mahali pa kuhifadhia watoto kama mbuzi.

Mada za deba zilikaa ndani ya kopo kuukuu la maziwa ya unga. Zilikuwa karatasi zilizokunjwa miaka mingi kabla, na mwalimu mwingine, wakati ambao mtu aliweza kuandika chochote bila kufikiri: maji na moto, redio na gazeti, mji na kijiji. Siku ile mtoto aliyeitwa kuchagua alichomoa, akafungua, akasoma kwa sauti, na kufikia katikati sauti ikaanza kumwisha. "Mkulima na mfugaji, nani ana faida zaidi?" Popote pengine duniani ni mada ya watoto. Darasani kwetu nilisikia benchi zikilia, kwa sababu kila mtu alijikaza alipoketi. Mvulana mmoja wa nyuma aliangalia dirisha, akipima kama atapita. Mwalimu aliichukua ile karatasi akaishika muda mrefu. Angeweza kuirudisha ndani ya kopo na kuchomoa redio na gazeti. Nafikiri aliona kwamba akiirudisha atakuwa ametuambia kwa mdomo wake kwamba ndiyo, kuna kitu kati yetu ambacho hakiwezi kutamkwa.

"Vizuri," akasema. "Wenye kutoka mu ng'ombe, mutatetea jembe. Wenye kutoka mu jembe, mutatetea ng'ombe."

Mtu akacheka, halafu darasa lote likacheka kicheko cha kuvunja mabati. Mimi niliwekwa upande wa ng'ombe kwa sababu ya maziwa ya mama, ingawa kwetu hatujawahi kumiliki hata mbuzi wa kuazima, na kwa hiyo nikapewa kutetea jembe. Zawadi, binti wa watu wa mihogo na maharage, akapewa ng'ombe. Wiki nzima mji ulikuwa na watoto wa wafugaji wakiwauliza mama zao muhogo unapandwa mwezi gani, na watoto wa wakulima wakiuliza ndama anaachishwa lini kunyonya. Wazazi walitutazama kana kwamba tumerogwa.

Siku yenyewe nilizungumza wa kwanza. Kumbukumbu yangu inasema nilizungumza kwa muda wa saa tatu na watu walilia. Kwa kweli nilizungumza kidogo tu. Nilisema kitu fulani kuhusu jembe la mjomba, ambalo jirani aliliazima, halafu jirani wa jirani, na kwamba ng'ombe wa mjomba mwingine hakuazimwa na mtu, na nikapotea humo, jembe likawa la mjomba asiye wake, nikamalizia kwa kusema muhogo ni mtamu. Nikaketi nikijipigia makofi moyoni. Zawadi akasimama. Alinigeukia, maana ilikuwa lazima anirudishie.

"Faustin amesema hivi," akaanza, na ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa jina langu. "Jembe ni la kila mtu. Hata asiye na kitu anaweza kuliomba asubuhi, alime, alirudishe jioni, na kesho akawa na chakula chake. Ng'ombe haombwi hivyo. Asiye naye atabaki bila yeye. Njo vile ulisema?"

Sikuwa nimesema hivyo. Nilitamani sana kwamba ningekuwa nimesema hivyo. "Njo," nikasema haraka, kabla hajabadilisha.

Ndipo akaanza kunipinga. Alisema kwamba walipokuwa njiani wakija Bunia, mama yao akiwa hayupo tena, mdogo wake wa mgongoni alinyamaza, na mtoto akinyamaza namna ile huna haja ya kuuliza. Wakapita kwenye nyumba yenye zizi. Mwanamke alitoka, akawaona, akawajua ni watu wa upande gani, maana wakati ule kila mtu alijua. Akarudi ndani. Walifikiri amekwenda kuita wanaume. Akatoka na kibuyu. "Mihogo tulikuwa nayo," Zawadi akasema, "tulibeba mifukoni, mibichi. Mutoto hawezi kula muhogo mubichi. Jembe halikuweza kumusaidia mutoto yule siku ile. Ng'ombe aliweza." Akaketi. Msichana mmoja wa upande wa Mudzipela, ambaye kwao kulikuwa na ng'ombe kweli, aliweka kichwa juu ya meza na hakukiinua mpaka wasemaji wengine wote wakamaliza.

"Nitakata saa tano," mwalimu akasema, na tuliona kwamba sauti yake ya kuondoa kutu ilikuwa imepungua. Akatoka kwenda nyuma ya vyoo.

Sasa, mtoto mmoja wa darasa la pili alikuwa amening'inia dirishani akisikiliza. Wakati wa mapumziko alikimbia kwao, ng'ambo ya barabara, kuomba kiazi. Mama yake akamwambia angoje kiive. "Siwezi kungoja, mama! Saa tano mwalimu anakata!" Alisema hivyo tu, akarudi mbio. Lakini mwaka ule neno kukata lilikuwa limepata kazi nyingine. Watu walikuwa wamefika mjini kutoka vijiji ambako neno hilo halikuwa na uhusiano wowote na maneno. Lilikuwa la mapanga. Mama yule alisimama na kiazi mkononi, akamwuliza jirani juu ya ua kama naye amesikia. Jirani alikuwa hajasikia, kwa hiyo akampasha wa tatu. Neno liliruka nyua kwa mwendo ambao pikipiki ingeliomba liende taratibu. Katika ua wa pili neno mwalimu lilikuwa limekwisha kudondoka, imebaki banakata, yaani wanakata. Darajani ikawa banakata batoto ku masomo, watoto wanakatwa shuleni. Upande wa Mudzipela walisikia Walendu ndio wanaokata. Upande wa pili walisikia ni Wahema. Na habari zote mbili zilikuwa na saa yake, saa tano kamili, na nani angebishana na habari iliyo na saa?

Sisi tulikuwa tumerudi ndani mapema, tumeketi wima, tunangoja hukumu. Niliona kwanza vichwa madirishani. Wamama wenye watoto migongoni. Wanaume waliotoka mashambani na majembe na mapanga mikononi, kwa sababu walikuja kuokoa, na kila mmoja alipomwona mwenzake na panga aliona kile alichokuwa ameambiwa. Walijaa uani, upande huu na upande ule, bado hawajui nani amefanya nini, wakitutafuta kwa macho. Na hapo ndipo Mwalimu Anselme alipotokea nyuma ya vyoo akipitia mlango mdogo wa nyuma, kichwa chini, hukumu yake imekamilika ndani, hajauona umati hata kidogo. Aliingia, akainua mkono, akaipata tena ile sauti yake yote.

"Kaeni chini wote, nikate!"

Halafu madirisha yakaingia ndani. Watu waliingia kwa njia zote, hata pale ambapo hapakuwa na njia. Mama alinipata kwa kola, bidoni ikaanguka, maziwa yakatanda sakafuni yakachanganyika na vumbi, rangi ikawa ile ambayo sitaieleza. Mwalimu alipiga kelele. "Ni deba! Ni maneno! Nakata maneno!" Kila aliporudia kukata watu walizidi. Niliona baba yake Zawadi akimvuta kupitia dirishani, mkono mmoja kwake, mwingine umeshika mdogo wake. Zawadi alikuwa amejishika kwenye fremu. Katika mji mzima, nafikiri, ni yeye peke yake aliyekuwa akiuliza swali la kweli. "Mwalimu! Nani?" alipiga kelele. "Nani ameshinda?" Mwalimu alimsikia. Nilimwona amegeuka, nikauona mdomo wake ukifunguka na kufunga, jina moja fupi au refu, sikusikia. Dirisha likabaki tupu.

Siku ile hakukatwa mtu. Mvulana mmoja alivunjika mkono, na nzi wangu walipata sherehe. Jumatatu mwalimu alisimama mlangoni kama kawaida. Tulikuja wachache, watoto wa watu wasiokuwa wa upande wowote, tukaketi kila mtu na benchi lake kama wakubwa. Alituhesabu, akatuambia twende nyumbani. Siku chache baadaye askari wa kigeni waliokuwa mjini walifunga mizigo yao kwenye malori wakaondoka, na vumbi lao halijatulia bado ndipo vita vya mjini vilipoanza kweli. Hapo maneno yangu ya mzaha yananiishia. Tulikaa chini ya kitanda. Bunduki ziliponyamaza kidogo tulitoka, tukakimbia na umati kuelekea uwanja wa ndege, na mama akanifunika macho kwa kanga yake nikaona kila kitu kupitia kanga. Mbwa wa Bunia walinenepa mwezi ule. Nitaishia hapo.

Kambini ndipo nilipopewa ile habari, kwamba deba iliyoachwa bila kukatwa ndiyo iliyotoka nje. Niliifikiria jinsi mtoto anavyofikiria. Pande zilikuwa zile zile, jembe na ng'ombe. Siku zilifuatana. Na mimi nilikuwa msemaji wa kwanza. Usiku mmoja, milio ikiwa bado inasikika upande wa mji, nilikaa ndani ya turubai nikaikata mwenyewe kwa kunong'ona. Nilisema jembe limeshinda. Milio iliendelea. Nikasema ng'ombe ameshinda. Iliendelea. Nikasema wote mumeshinda, mwende nyumbani. Mama akaniuliza ninaongea na nani.

Shangazi yake Zawadi nilimkuta kwenye foleni ya maji. Alinitambua kwa harufu, nilidhani, na nilijiandaa kucheka. "Zawadi hakufika," akasema, akasogea na ndoo yake, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea. Baadaye nilijua kwamba ilikuwa njiani, kwenye migomba, yeye na baba yake. Mdogo wake alikuwa mgongoni kwa shangazi. Na kuhusu mwalimu tuliambiwa hivi: vijana walimfuata nyumbani. Walisema aliwaketisha watoto huku ng'ombe, huku jembe, ili wenye kazi yao wajue wa kuchukua. Upande mmoja ulisema alifanya hivyo kwa ajili ya upande wa pili, na upande wa pili ulisema vile vile. Wakampeleka kwenye kizuizi. Tulimlilia pale kambini, sisi tuliokuwa wanafunzi wake, bila maiti.

Leo Bunia ina taa barabarani na pikipiki nyingi kuliko watu. Nina duka la misumari na mabati, na katika umri ambao wengine wanaozesha mabinti nilikwenda masomo ya jioni nikapata diploma yangu, ambayo imening'inia juu ya mizani ya misumari ili kila mteja aisome kabla ya kuomba punguzo. Watu wanabishana siku hizi kuliko zamani, kwenye simu, kwenye redio, mbele ya duka langu. Hakuna anayemrudishia mwenzake neno. Kila mtu anajibu kitu ambacho hakuna aliyekisema, tena kwa hasira. Na kule Djugu watu wanaendelea kukimbia, turubai zimetundikwa upya, na mtoto anayesoma leo katika hema hana habari kwamba kulikuwa na zamu yangu kabla ya yake.

Katika masomo ya jioni walinipa siku moja kukata deba yao, kwa sababu ya tumbo langu, nafikiri, lililofanana na la hakimu. Niliwalazimisha kurudisha neno. Walinichukia. Lakini mwenzetu mmoja, dereva wa gari la mizigo, aliniambia baadaye, "Hivi ndivyo muzee mmoja wa soko la Iga Barrière anakata maneno ya wauza maharage. Mbele ya kujibu, unarudisha." Nilimwuliza anaitwaje. Hakujua. Nilimwuliza sauti yake ikoje. Alifikiri, akasema sauti iko ya kusikika mpaka Mongbwalu.

Nilikwenda huko Jumapili. Alikuwa ameketi nyuma ya magunia ya unga na maharage, mguu mmoja umenyooka kwa sababu haukunji tena, na upande mmoja wa uso umekaa chini kidogo kuliko mwingine. Wale vijana wa kizuizi walimwacha kwenye mtaro wakidhani amekufa, mwanamke asiyemjua akamburuta ndani ya nyumba yake, na alipopona alitembea mpaka Beni akakaa huko miaka mingi. Hakufundisha tena. Haya yote aliniambia kwa maneno machache kuliko niliyoyatumia mimi. Alinitazama. "Bidoni," akasema. Nikacheka, halafu nikaona sicheki.

"Mwalimu, siku ile, nani alishinda?"

Hakuuliza siku gani. "Zawadi. Weye ulisema maneno ya jembe yamepinda. Yeye aliyanyoosha, akakurudishia, halafu akakupinga na yale mazuri, si yale mabaya. Nilikuwa nimekwisha kukata mbele ya kufika ku vyoo. Nilizunguka tu kwa sababu ya sheria yangu."

"Zawadi hakufika," nikasema.

"Najua."

Mteja mmoja alikuja akapimiwa maharage, akaenda. Nilimweleza basi lile jambo langu, kwa mzaha, jinsi ninavyolieleza siku zote, na miguno na mikono: jembe na ng'ombe wakishuka wenyewe darajani kwa sababu yeye hakukata. Nilifika mwisho wake pale watu wanapocheka. Hakucheka. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akituangalia mlangoni Jumatatu.

"Faustin, apana," akasema. "Vita ilianza kule Djugu, juu ya mashamba, weye ukiwa hujajua kusoma. Zawadi alifika kwangu akiwa anaikimbia."